Kupima kemikali ya ganda la korosho dhidi ya Alzheimer kwenye laptopu

Mtazamaji wa Newala au Tandahimba hahitaji kutambulishwa mafuta ya ganda la korosho. Ndiyo yanayobabua vidole vya wanaobangua kwa mkono bila kinga. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi anakadiki, na leo tunaijaribu kwa dokingi: kompyuta inakisia jinsi molekuli itakavyokaa ndani ya protini. Protini yetu ni asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya neva, kwenye ubongo. Donepezil, dawa ya Alzheimer, hukizuia kimeng'enya hicho. Hupunguza dalili, haiondoi ugonjwa.

Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha. Weka AutoDock Vina ya kufanya dokingi, Open Babel ya kugeuza aina za mafaili, na PyMOL ya kutazama molekuli.

Ingia Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, pakua faili 4EY7. Faili halifiki MB 2, kwa hiyo bando lako liko salama. Ni kimeng'enya cha binadamu kikiwa kimeshikana na donepezil, ambayo humo inaitwa E20. Fungua kwenye PyMOL, na kabla hujafuta chochote andika:

centerofmass resn E20 and chain A

Nakili namba tatu zinazotokea. Hapo ndipo katikati ya boksi letu, yaani eneo ambamo Vina itatafuta mkao wa molekuli. Wengi hufuta E20 kwanza, halafu wanabaki kubahatisha boksi liwekwe wapi. Sasa hifadhi E20 ya mnyororo A kwenye faili lake, kisha futa mnyororo B (nakala ya pili ya protini), maji na vingine visivyo protini. Ongeza haidrojeni, geuza protini iwe PDBQT, aina ya faili ambayo Vina husoma.

Asidi anakadiki ipakue PubChem, hifadhi ya mtandaoni ya kemikali. Angalia mkia wake wa kaboni 15: kwenye aina zenye vifungo maradufu, vile vya asili ni vya aina ya cis, yaani pande mbili za mkia zimekaa upande mmoja wa kifungo, hivyo mkia unapinda. Ukichora mwenyewe bila kuonyesha hilo, programu inaweza kukunyooshea mkia, ukapima kitu ambacho hakimo kwenye korosho. Unapogeuza kwa Open Babel, weka pH 7.4 ili kundi la asidi lipoteze haidrojeni yake kama ilivyo mwilini.

Boksi liwe angstromu 24 kila upande (angstromu 10 ni nanomita moja). Exhaustiveness, yaani kiasi cha juhudi ya Vina kutafuta, kwa kawaida ni 8. Mkia huu una viungo vingi vinavyozunguka, ipandishe hadi 32. Itachelewa, na umeme ukikatika katikati unaanza upya, basi chaji betri kwanza.

Usianze na korosho. Anza kwa kuirudisha donepezil yenyewe ndani ya boksi, kisha linganisha mkao uliopata na ule wa faili la awali. Tofauti, yaani RMSD, ikiwa chini ya angstromu 2, endelea. Ikizidi, rudi ukague kitovu cha boksi, haidrojeni, na nitrojeni ya donepezil, ambayo kwenye pH hiyo inatakiwa kuwa na chaji chanya. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na bila hiyo namba zako zote ni ramli.

Sasa iingize asidi anakadiki, mara tatu, kila mara kwa seed tofauti, yaani namba ya kuanzishia utafutaji wa kubahatisha. Alama inayotoa Vina ni kilokalori kwa moli. Hasi zaidi ndiyo nzuri zaidi. Ilinganishe na donepezil uliyopima wewe, kwenye boksi hilohilo, siyo na namba ya mtu mwingine. Mikao ikitofautiana sana kati ya mara hizo tatu, utafutaji haujatosha. Kisha tazama mkao kwa macho: donepezil hulala ndani ya shimo la kimeng'enya, kati ya Trp86 chini na Trp286 mdomoni (hizi ni asidi amino mbili za protini). Mkia wa korosho ukining'inia nje, alama nzuri isikudanganye.

Na hata ukikaa vizuri, asidi hii ina chaji hasi kichwani na mafuta mengi mkiani. Kuvuka kizuizi cha damu na ubongo ni kazi nyingine. Vina haikipimi hicho. Ndiyo maana watafiti hubadilisha kemikali za ganda kwanza, hasa kadanoli, ndipo wanapima.

Ukishapata mkao unaouamini, peleka kemikali safi maabara kwa kipimo cha Ellman: rangi ya njano husomwa kwenye nanomita 412, na ikipungua kutokea, kimeng'enya kimezuiwa. Maganda yenyewe yasionjwe.