Acheni Simu Mfukoni: Mhadhara Kuhusu 3816547290

Wanangu wa vyuo, walimu, na ninyi wastaafu wenzangu pale nyuma: leo nikitaja kikokotoo msishtuke. Nasema kile cha kubofya, si ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya pensheni.

Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto niliandika nyuma ya bahasha: 3816547290. Kijana wa pembeni akachungulia. "Mzee, hiyo haipigiki, haijaanza na sifuri." Nikamwambia sifuri ipo, imekaa mwisho, na ina sababu ya kukaa huko. Tukabishana kutoka Ukonga hadi Buguruni.

Itazameni. Ina tarakimu zote, 0 hadi 9, kila moja mara moja. Mbili za mwanzo, 38, zinagawanyika kwa 2. Tatu, 381, kwa 3. Nne, 3816, kwa 4. Nendeni hivyo mpaka zote kumi kwa 10, hamtapata baki. Tarakimu hizo zinapangika kwa njia 3,628,800, na yenye tabia hii ni moja tu.

"Mwalimu, kompyuta itaipata kwa sekunde." Nilijua utasema, wewe wa shati la bluu! Itaipata. Wewe utakuwa umepata nini?

Shikeni kalamu, tuitafute kwa mkono. Tarakimu ya kumi ni 0, haina ubishi. Ya tano ni 5, maana 0 imeshachukuliwa. Nafasi shufwa zinadai tarakimu shufwa, kwa hiyo 1, 3, 7 na 9 zinakwenda kwenye nafasi witiri. Sasa ya nne: kugawanyika kwa 4 hutazamwa kwenye tarakimu mbili za mwisho, na ya tatu ni witiri, basi ya nne ni 2 au 6. Ya nane vivyo hivyo. 4 na 8 zinagombea nafasi ya pili na ya sita. Halafu, kwa kuwa tatu za mwanzo na sita za mwanzo zote zinagawanyika kwa 3, jumla ya ya nne, ya tano na ya sita lazima igawanyike kwa 3. Jaribuni: ni 258 au 654, basi. Pitisheni kigezo cha kugawanyika kwa 8, na cha 3 kwa tarakimu tatu za mwanzo, wanabaki kumi. Kumi, kutoka milioni tatu na ushei, na hakuna aliyebofya kitu! Hapo ndipo unagawa kwa 7, kwa mkono, na tisa wanaanguka. Najua 7 nayo ina kigezo chake. Ni kirefu kuliko kugawa kwenyewe. Na 9? Huyo hana kazi: 1 hadi 9 jumla yake ni 45, kila mpangilio unapita bure.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: 73939133. Futeni tarakimu kutoka kulia, moja moja, mpaka ibaki 7. Kila hatua ni namba tasa. Katika kizio cha kumi, yaani namba zetu hizi za kila siku, hakuna ya namna hiyo iliyo kubwa zaidi. Ya kukata kutoka kushoto ina tarakimu 24, hiyo sina muda nayo.

Maswali? Wewe wa shati la bluu, kwanza rudisha simu mfukoni.