Kompaila ikinyamaza haijakubali: tupime constexpr ya C++

Karibu. Leo tunatumia nauli ya matatu kutoka Kisumu hadi Maseno, maana abiria yeyote wa huku anajua bei ya saa sita mchana si bei ya saa kumi na moja jioni. Tuseme 150 mchana na 200 jioni.

Fungua faili, iite nauli.cpp, juu kabisa weka #include <ctime>, inayoleta fanksheni za saa. Andika fanksheni nauli ya int, itanguliwe na neno constexpr. Ndani yake ita std::time isome saa ya kompyuta, kisha irudishe 150 au 200. Umeona shida? constexpr ni ahadi kwamba jibu linaweza kupatikana wakati wa kukompaili, na saa hii haisomeki mpaka programu iendeshwe.

Njoo kwenye terminali: g++ -std=c++20 -c nauli.cpp. GCC, kompaila inayogeuza msimbo wetu kuwa programu, inagoma na kuitaja std::time. Ila shika hili: kuanzia toleo la C++11 hadi C++20, kanuni ya lugha ilisema fanksheni kama hii ni kosa, lakini haikuilazimisha kompaila kulitaja. Ukiificha kwenye templeti (kiolezo cha fanksheni kinachojazwa aina baadaye), mara nyingi hutasikia neno.

Sasa badilisha 20 iwe 23, kwenye GCC 13 au Clang 19 (kompaila nyingine) kwenda juu. Kimya. Kanuni imelegezwa, na naona ni sawa, kwa sababu waandishi wa maktaba za msimbo walikuwa wanateseka. Ukitaka onyo, ongeza -Winvalid-constexpr.

Kosa lenyewe limehamia mahali fanksheni inapotumika. Andika constexpr int leo = nauli(); inakataliwa papo hapo. Ondoa constexpr hapo kwa leo, inapita, na hesabu inasubiri programu iendeshwe. Hapa ndipo nilipoumia: jedwali nililodhani limeshakokotolewa lilikuwa linakokotolewa upya kila programu ilipoanza.

Dawa ni hii. Ipe nauli kigezo, int saa, na usomaji wa saa upeleke main. Chini ya nauli andika static_assert, ukaguzi unaofanywa na kompaila yenyewe wakati wa kukompaili:

static_assert(nauli(12) == 150);
static_assert(nauli(17) == 200);

Kompaili. Kimya cha sasa kina maana, hesabu imefanyika kweli. Usishawishike kuweka consteval, inayolazimisha kila mwito ukokotolewe wakati wa kukompaili, badala ya constexpr: main inaleta saa halisi, na consteval itaikataa.