Asembla na Amri za Usimbaji: Maswali Mawili Tofauti

Assalaamu alaykum wazee wetu, nanyi vijana wa Lamu mliokuja na kompyuta zenu.

Tangu mwaka 2010 Intel imekuwa ikiuza prosesa zenye amri za kufanyia usimbaji wa AES (njia ya kuficha data), na baadaye zikafuata amri za kukokotoa SHA (alama fupi ya kutambulishia data). Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, ina msimbo wa asembla unaozitumia amri hizo, lakini asembla ya mjenzi, yaani programu inayougeuza msimbo huo kuwa namba za prosesa, ikiwa ya zamani, itakutana na amri kama sha256rnds2, itasema haiijui, na ujenzi wote utasimama. Hapa pana maswali mawili: je, asembla inazijua amri hizo, na je, prosesa inazo?

Zamani waandishi wa kerneli waliliepuka tatizo hili kwa kuandika amri za AES kwa tarakimu tupu, baiti baada ya baiti, hata asembla kongwe ikazipitisha. Siipendi njia hiyo, kwa kuwa msomaji haoni amri yenyewe, na tarakimu moja ikikosewa ni shida kuigundua. Upande wa x86, yaani prosesa za aina ya Intel, uliachana nayo mwaka 2020.

Njia bora ni kuijaribu asembla. Usanidi unapotayarishwa, Kconfig, yaani mfumo wa kusanidi kerneli, humpa kompaila (programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) mstari mmoja wenye amri inayotafutwa, humtaka aukusanye na kulitupa tokeo katika /dev/null (faili inayomeza kila kitu), kisha hutazama kama kazi imefaulu. Ikifaulu, chaguo huwashwa na msimbo husika huingia katika ujenzi. Kusoma namba ya toleo hakutoshi, kwani Clang, ambayo ni kompaila mojawapo, ina asembla yake yenye namba zake, na wasambazaji huweza kuingiza uwezo mpya katika toleo la zamani. Hata onyo huhesabiwa kuwa kosa, na ndivyo inavyopasa.

Lakini jibu hilo linahusu kompyuta inayojenga tu. Ukiijenga kerneli hapa mjini ukaipeleka Faza kwenye kompyuta kuukuu, asembla yako haina habari na prosesa ya kule. Kwa hiyo kerneli, inapowaka, huiuliza prosesa yenyewe kwa amri ya CPUID: AES huelezwa na biti ya 25 ya rejista ECX (rejista ni nafasi ndogo ya kuwekea namba ndani ya prosesa), pale rejista EAX inapopewa 1. Ikikosekana, hutumika msimbo wa kawaida, ulio wa polepole zaidi lakini wenye jibu lilelile.

Kwa kerneli zenye jaribio hili, mkiona sha_ni (alama ya amri za SHA) katika /proc/cpuinfo, faili inayoorodhesha uwezo wa prosesa, na msione CONFIG_AS_SHA256_NI=y katika faili ya usanidi, .config, sasisheni binutils (furushi lenye asembla) kabla ya kuilaumu prosesa.