Kipawa, Ufundi na Shetani wa Mpingo

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Wa asalaam alaikum nimewasalimu, wa Bwana asifiwe nimewasalimu, na wazee wasio upande wowote, shikamooni.

Nimeulizwa kama ubunifu na mapenzi ya sanaa vinahitaji maelezo ya kiroho. Lugha yetu ilishajibu kabla hatujakaa kikao. Tunasema fulani ana kipawa. Kipawa ni alichopewa mtu, na penye kupewa pana mpaji. Basi, kesi imekwisha, twende tukanywe chai? Hapana, maana lugha hiyohiyo ina fundi, na fundi ni jamaa wa kufunda. Huyu hakupewa, alifundwa. Maneno haya mawili yanaishi nyumba moja, ila siku ya sherehe tunamsifia kipawa na kumsahau fundi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kutwa nzima Mwenge, Dar es Salaam, kwenye vibanda vya wachongaji. Mmoja alikuwa anachonga shetani. Mnawajua mashetani wa Kimakonde: viungo vimepindana, tumbo lina tundu, mdomo umehamia shavuni. Huyu alikuwa na jicho moja. Nikamuuliza, "Umemwota?" Akacheka. "Mzee, upande huu gogo lilikuwa limeoza."

Mpingo una tabia zake. Nje ni mweupe, kiini ni cheusi na kigumu kama chuma, na mara nyingi una nyufa na mapango. Mchongaji anatembeza tezo akifuata mti ulivyokubali, na pale mti unapokataa, shetani anapata kilema. Ulaya mti huohuo wanautengenezea klarineti, na sijasikia mtu akidai kwamba klarineti imepandwa na pepo.

Tena kuna jambo la historia. Wamakonde wana vinyago vya mapiko, vya mti mwepesi, vya kuvaliwa ngomani wakati wa jando na unyago. Hivyo vina kazi ya mila kweli. Lakini mtindo wa shetani ulizuka Dar es Salaam miaka ya 1950, kwa wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Samaki Likankoa. Kazi hizo zilichongwa ziuzwe, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Kwa hiyo sanaa yetu inayoonekana kujaa mizimu kuliko zote ilikulia sokoni. Sisemi wachongaji hawakuamini mashetani, wengi waliamini. Nasema kwamba imani peke yake ilikuwapo karne nyingi bila kuzaa sura zile. Ilibidi mpingo, mnunuzi na mkono uliozoea vikutane.

Mtaniambia, sawa, huyo ni mtengenezaji. Je, mpenzi wa sanaa? Kwa nini udi ukilia nywele zinasimama? Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba msisimko huo wa muziki unaendana na kumwagika kwa dopamini, kemikali inayohusika na raha, kwenye ubongo. Muumini atasema Mungu ndiye aliyeiweka hapo. Anaweza kusema hivyo, wala kipimo cha maabara hakimzuii. Lakini tumeulizwa kuhusu kuhitaji, na maelezo yale yanasimama hata asiposema.

Kinachoniudhi si imani. Ni matumizi yake. Mwimbaji anaitwa harusini, akitaja malipo anaambiwa, "Si Mungu amekupa bure?" Fundi bomba haambiwi hivyo. Miaka ishirini ya mazoezi inafutwa kwa neno moja, karama, na watu wanakula pilau kwa amani.

Walioamini kwa dhati hawakufanya hivyo. Mwana Kupona binti Msham, wa pande za Lamu, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa ameugua mwaka mzima. Aliamini kuliko sisi sote humu ndani. Sasa tazameni mpangilio wake: kwanza anamwita binti asogee akae na wino na karatasi, na ubeti unaofuata ndio anamwagiza ataje Bismillahi. Wino umetangulia! Kisha kila mshororo una mizani nane, yaani silabi nane, na mizani hizo mtu hashushiwi. Anazihesabu, hata akiwa kitandani.

Ila nisiwafiche, yule mchongaji wa Mwenge hakuniachia ushindi wote. Jioni, akifagia vumbi jeusi, alisema, "Lakini siku nyingine haji. Naweka tezo chini, naenda nyumbani."

"Nani haji?" nikauliza.

"Nani tena? Huyo," akasema, akimwonyesha kwa ufagio shetani mwenye jicho moja.

Mimi nadhani anayekuja au asiyekuja ni mkono wake mwenyewe, unaojua mengi kuliko mdomo unavyoweza kusimulia. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kama anavyonitazama yule mama pale nyuma, aliyenyoosha kidole tangu nilipomtaja Mwana Kupona. Mpelekeeni kipaza sauti.