Ratiba ya Tasnifu na Mhuri wa Mwenzio
(Mhadhara kwa wanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam)

Habari za asubuhi. Tangazo lilisema saa tatu kamili. Sasa ni saa tatu na dakika ishirini na tano, na aliyechelewa ni mimi. Basi tuzungumze kama wagonjwa wa wodi moja.

Mwaka 1994 wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti mmoja unaoniuma kila nikiusoma. Waliwauliza wanafunzi 37 waliokuwa wakimalizia tasnifu zao: utakabidhi baada ya siku ngapi? Kwa wastani walijibu karibu siku 34. Je, mambo yakiharibika kabisa? Karibu 49. Waliokamilisha walitumia wastani wa siku 55 na nusu. Yaani hata walipojitisha wenyewe, bado walijidanganya.

Ratiba zenu nimezisoma. Nyingi zina mstari huu: "Aprili, kukusanya data." Nami niliuandika zamani. Nikaingia bonde la Kilombero mwezi huo wa nne, begi limejaa madodoso, gari limekwama mara mbili njiani. Kijijini kimya! Milango imefungwa kwa kamba. Wakulima wa mpunga walikuwa wamehamia mashambani, wanalala huko huko kulinda ndege na nguruwe. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, chuoni kwenu hamna kalenda?" Nilihoji watu wanane, nikarudi mjini. Kalenda nilikuwa nayo, ila ilikuwa ya chuo, si ya mpunga.

Halafu kuna barua ya ruhusa ya kufanya utafiti. Inatoka chuoni, inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kila meza ina mhuri wake, na mwenye mhuri huenda yuko safarini Dodoma. Ndiyo maana nawaomba mpange kwa kuanzia na yale yaliyo mikononi mwa wengine: barua, kibali cha maadili, maoni ya msimamizi. Hayo yaombeni mapema, hata kabla dodoso halijakaa sawa. Sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, mtaiandika mkisubiri, vitabu havisafiri.

Na msimamizi akikwambia "nipe wiki moja", usiiandike hiyo wiki. Tazama sura iliyopita alikaa nayo muda gani. Kama ni wiki tano, andika tano, wala usimwonyeshe. (Wasimamizi wenzangu mlio nyuma, msinune.)

Kufanya kazi kwa vipindi vya dakika ishirini na tano, kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuzima simu: vinasaidia, chagueni kinachowafaa.

Sasa toeni kalamu. Andikeni kazi tatu za mwisho mlizokabidhi. Kando ya kila moja, siku mlizokadiria na siku zilizotumika. Nianze mimi: mhadhara huu nilisema nitauandaa kwa jioni moja. Zilikwenda nne.