Alizaliwa Mtumwa, Akajenga Kanisa, Akamiliki Watumwa: Niko Cane River, Louisiana

Tumsifu Yesu Kristo! Nimewasikia mlioitikia. Na ninyi msio Wakatoliki karibuni, msiondoke, maana hadithi ya leo haiishii kanisani. Ina ardhi, ina rangi ya ngozi, ina watoto wa nje ya ndoa na ina wosia.

Niko Louisiana, sehemu inayoitwa Isle Brevelle, kandokando ya Cane River. Kutoka Houston ninakoishi ni kama saa nne kwa gari. Mji wa karibu unaandikwa Natchitoches, wenyewe wanautamka "Nakatish", Wafaransa waliuanzisha mwaka 1714. Hapa niliposimama ni kijiji tu: mashamba ya pamba, maji yaliyotulia kabisa, na hilo kanisa jeupe mnaloliona nyuma yangu. Ni Kanisa la Mtakatifu Augustino. Wenyeji ni Wakrioli, watu wenye asili ya Afrika na Ufaransa, na ukiwauliza kijiji chao kilianzaje hawatakutajia mmisionari. Watakutajia mwanamke mmoja aliyekuwa mtumwa, halafu mwanawe.

Hilo ndilo lililonileta. Kwetu Tanzania tumezoea upande mmoja wa hadithi hii. Mapadri wa Roho Mtakatifu wanatoka Zanzibar, wanafika Bagamoyo mwaka 1868, wanawakomboa watumwa, wanawajengea kijiji cha uhuru na kuwabatiza. Padri ndiye anayefungua mlango. Hapa waumini ndio waliotangulia, kanisa wakajenga wenyewe, padri akaja kulibariki.

Tuanze na mama. Alibatizwa Marie Thérèse, jina lake la nyumbani Coincoin. Alizaliwa mwaka 1742 katika nyumba ya Louis Juchereau de St. Denis, huyohuyo mwanzilishi wa Natchitoches. Alizaliwa mtumwa. Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1724, iliyoitwa Code Noir, ilimtaka bwana awabatize watumwa wake Kikatoliki, na sheria hiyohiyo ikakataza mzungu kufunga ndoa na mtu mweusi. Yaani mnapokea sakramenti moja, kwenye nyingine mnafungiwa mlango.

Baadaye akaja mfanyabiashara wa Kifaransa kutoka La Rochelle, Claude Thomas Pierre Metoyer. Akamkodi Coincoin kutoka kwa mwanamke aliyemmiliki. Nimesema akamkodi, sijasema akamposa. Wakazaa watoto kumi. Kuna watu huku wanaisimulia kama hadithi ya mapenzi, wanakuonyesha na nyumba na kukupa kijitabu. Mimi siwezi kuiita hivyo. Mwanamke aliyekodishwa atakataaje?

Mwaka 1777, Louisiana ikiwa chini ya Hispania, padri Mkapuchini aitwaye Luis de Quintanilla akawashtaki kwa kuishi kinyumba bila ndoa. Angalieni kilichomuudhi padri: dhambi ya kitandani. Utumwa wenyewe haukuwa kesi. Metoyer akaona mambo yanakuwa makubwa, akamnunua Coincoin, na mwaka 1778 akamwacha huru. Waliendelea kuishi pamoja hadi mwaka 1786, kisha wakaachana. Alimpa kipande cha ardhi cha kama eka 68 na posho ya kila mwaka, halafu akafunga ndoa na mjane wa Kifaransa. Ndoa halali, kanisani.

Sasa Coincoin ana miaka arobaini na kitu, ana eka zake, na watoto wake wengine bado ni mali ya watu. Alikuwa na watoto wengine watano kabla ya Metoyer. Mama huyu akashika jembe. Alilima tumbaku, akafuga ng'ombe, akawinda dubu. Ndiyo, dubu! Mwaka 1792 alisafirisha tumbaku, ngozi na mapipa ya mafuta ya dubu kwenda kuuza New Orleans. Alitumia alichopata kukomboa watoto, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1802 aliisamehe ile posho, na Metoyer akawaacha huru watoto wao waliokuwa bado kifungoni. Posho ya maisha ameitoa kwa ajili ya karatasi za uhuru za wanawe. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, mnaonitazama, huyu ni mwenzenu kabisa. Ila subirini kidogo, nitawaharibia.

Mwanawe mkubwa kwa Metoyer ni Nicolas Augustin, aliyezaliwa mwaka 1768, pacha na dada yake Suzanne. Augustin ndiye anayeitwa babu wa Isle Brevelle. Wenyeji wanasimulia kwamba alifuatana na baba yake hadi Ufaransa, akaona jinsi vijiji vya kule vinavyozunguka kanisa, na aliporudi akasema na sisi tutajenga letu. Akalipa jina la somo wake, Mtakatifu Augustino wa Hippo, ambaye naye ni mtu wa Afrika, wa huko inakoitwa Algeria leo.

Mwaka? Hapo sasa. Simulizi ya kijiji inasema 1803. Nyaraka zinaonyesha kanisa lilibarikiwa Julai 1829 na Padri Jean-Baptiste Blanc. Watu wanabishana sana juu ya miaka hiyo 26, kwa sababu 1803 ndio mwaka Marekani iliponunua Louisiana, na kuna utamu wa kusema sisi tulikuwa tumeshajenga kabla bendera hiyo haijapanda. Mimi naziamini nyaraka. Na hata ukichukua 1829, bado hujapunguza kitu: watu waliozaliwa watumwa wamejenga nyumba ya Mungu katika jimbo ambako mwenye rangi yao aliuzwa mnadani. Kilikuwa kigango cha Natchitoches, padri akija kwa zamu, kama vigango vyetu vingi.

Ndani kuna picha ya Augustin, imechorwa mwaka 1836. Mzee amesimama wima, koti jeusi la heshima, mkono umenyooshwa kuelekea kanisa lake. Yule mzee hakuwa na unyonge hata kidogo. Kwenye wosia wake alisema kanisa lilijengwa na yeye na ukoo wake, kwanza kwa matumizi yao wenyewe, ila Wakatoliki wengine wanaruhusiwa kuja kusali na kupata haki zilezile. Wanaruhusiwa! Na wenyeji watakwambia kwamba mabenchi ya mbele yalikuwa ya ukoo wa Metoyer, na Wazungu waliokuja misa walikaa nyuma yao. Huku Kusini mwa Marekani, kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyomaliza utumwa! Mara ya kwanza kulisikia hilo nilicheka kwa sauti, nikatazamwa.

Sasa lile nililosema nitawaharibia. Ukoo huu ulikuwa miongoni mwa koo za watu huru wenye asili ya Afrika zilizomiliki watumwa wengi zaidi Marekani nzima. Coincoin mwenyewe, yule mama aliyewanunua wanawe, alikuwa na watumwa. Augustin alikuwa nao. Ndugu yake Louis alipata ardhi mwaka 1796 panapoitwa leo Melrose, kisheria yeye mwenyewe akiwa bado hajapewa uhuru, na shamba hilo likaja kulimwa kwa jasho la watumwa. Waongozaji wengine wanasema Melrose ilianzishwa na Coincoin, ila hati ya ardhi ni ya Louis.

Watu wa pwani, msijifanye kushangaa. Zanzibar ya karne ya 19 nako mtumwa aliyepata uhuru na mali aliweza kununua watumwa wake mwenyewe. Lakini kinachonikera mimi ni namna simulizi inavyopangwa. Tunaambiwa nani alikaa mbele, tunaambiwa Wazungu walikaa nyuma, na msikilizaji Mwafrika anapiga makofi. Walioichuma pamba hawana benchi katika hadithi hiyo, wala jina. Nimesimama pale makaburini nikisoma Metoyer, Metoyer, Metoyer, nikawaza ni wangapi walizikwa bila jiwe.

Na Kanisa kama taasisi? Mwaka 1856 Askofu Auguste Martin wa Natchitoches aliifanya Isle Brevelle kuwa parokia kamili. Hongera. Askofu huyohuyo, mwaka 1861, vita vikiwa vimeanza, akaandika barua ya kichungaji ya kuutetea utumwa kama mpango wa Mungu wa kuwalea Waafrika. Barua ilifika Roma, ikachunguzwa, na mwaka 1864 ikakosolewa vikali. Yaani aliyewapa hadhi ya parokia ndiye aliyekuwa na mawazo hayo juu ya damu yao. Sijui niwaambie nini zaidi, mimi mwenyewe Mkatoliki, ninameza mate.

Vita vikaisha, watumwa wote wakawa huru. Na hapo ndipo Wakrioli walipoanguka, maana zamani kulikuwa na tabaka tatu: wazungu, watu huru wa rangi (wenye asili ya Afrika lakini si watumwa), na watumwa. Baadaye zikabaki mbili. Zilipokuja sheria za ubaguzi, mjukuu wa Augustin na mjukuu wa mtumwa wa Augustin waliingia kwenye behewa moja, lile la weusi. Fedha na mashamba mengi vilikuwa vimeshapotea. Kilichobaki ni kanisa. Ndiyo maana mnaona wanalishikilia hivi, jengo lenyewe si la kwanza, hili ni la karne ya 20, lakini kila Oktoba wanafanya tamasha la parokia na watu wa ukoo wanarudi kutoka kila pembe ya nchi.

Na kuna mtu mmoja aliyezikwa hapahapa ambaye kwangu anajaza pengo la simulizi. Clementine Hunter. Alifanya kazi Melrose, shambani kisha jikoni, hakujua kusoma wala kuandika, akaanza kuchora ukubwani kwa rangi zilizoachwa na wageni. Alichora wachuma pamba, wafuaji, ubatizo mtoni, mazishi, Yesu mweusi msalabani. Mwaka 1955 chuo kimoja cha Natchitoches kilionyesha kazi zake, na yeye hakuruhusiwa kuingia pamoja na watazamaji wazungu; alipitishwa siku jengo likiwa limefungwa. Alifariki mwaka 1988 akiwa amevuka miaka mia moja. Kama mna muda wa kutafuta kitu kimoja tu baada ya video hii, tafuteni picha zake, msitafute ile ya mzee mwenye koti.

Wiki ijayo nashuka New Orleans, mtaa wa Tremé, kwenye kanisa jingine la Mtakatifu Augustino, lililofunguliwa mwaka 1842. Huko watu huru wa rangi walishindana na wazungu kununua mabenchi, wakawazidi, na mengine wakayalipia kwa ajili ya watumwa wakae. Wenye maswali ya kumuuliza mwongozaji wa kule andikeni chini, nitayabeba. Na yule anayeniuliza kila video nauli ya ndege ni kiasi gani, kaka, nimeshakujibu.