Filamu Iliyopigwa Mara Mbili: Mhadhara juu ya Mayabazar

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, habari za jioni, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu.

Nianze na neno letu wenyewe. Sisi tukisema "picha ya Kihindi" tunaelewana, tena tumekua nayo. Lakini neno hilo limefunika mengi. Kihindi chenyewe ni lugha ya kaskazini mwa India. Ukishuka kusini unakuta Kitelugu, Kitamil, Kikannada na Kimalayalam, lugha za ukoo mwingine kabisa, na kila moja ina sinema yake, nyota wake na watazamaji walio tayari kukesha kwa ajili yake. Filamu ninayoileta leo ni ya huko. Inaitwa Mayabazar, na mimi ningeiita kwa Kiswahili Soko la Mazingaombwe.

Ilitoka Machi 1957 kwa Kitelugu, na Aprili mwaka huohuo kwa Kitamil. Nawaombeni mnisikilize vizuri hapa: ya Kitamil haikuwa ile ya Kitelugu iliyobandikwa sauti nyingine. Walipiga filamu mbili, chini ya mwongozaji mmoja, K. V. Reddy, kwa kampuni moja ya Vijaya, katika studio za Vauhini mjini Madras, ambao siku hizi unaitwa Chennai. Majengo yaleyale, maleba yaleyale, mataji na vidani vilevile. Tukio likishapigwa kwa Kitelugu, linapigwa tena kwa Kitamil. Fikirieni gharama na uchovu wa kazi hiyo, pamoja na jasho la mwigizaji aliyevikwa vito na taji chini ya taa za studio.

Kwa nini walijitesa hivyo? Sehemu ya jibu ni mji wenyewe. Madras ulikuwa mji wa Watamil na Watelugu kwa pamoja, na sinema za wote zilikuwa humo. Kisha Watelugu wakadai jimbo lao. Desemba 1952 Potti Sriramulu alikufa humohumo Madras baada ya kufunga kula kwa zaidi ya siku 50 akilidai jimbo hilo. Mwaka 1953 jimbo la Andhra likazaliwa, na Madras ikabaki kwa Watamil. Novemba 1956 Andhra Pradesh kamili ikaundwa. Kwa hiyo filamu hii ilikuja miezi mitano tu baada ya hapo. Watu walikuwa wametoka kugawana nyumba kwa sababu ya lugha, na mtayarishaji wa Kitelugu bado yuko Madras, anataka kuwalisha ndugu wote wawili. Ukimpa mmoja wao makombo ya mwenzake, atajua.

Hadithi yenyewe haimo katika Mahabharata ya Vyasa, ule utenzi mkubwa wa kale wa India, ingawa watu wake wametoka humo. Ni ya masimulizi na ya jukwaani. Balarama amemwahidi dada yake Subhadra kwamba binti yake, Sasirekha, ataolewa na Abhimanyu, mtoto wa huyo dada. Yaani kijana anamwoa mtoto wa mjomba wake, jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Halafu ukoo wa kijana, Wapandava, unapoteza ufalme kwenye mchezo wa dadu. Mali imekwenda, na ahadi nayo inakwenda. Binti anaposwa na mtoto wa tajiri, Lakshmana Kumara, mwana wa Duryodhana, mkuu wa upande ulioshinda mchezo ule. Hapo ndipo Krishna, mungu na ndugu yake Balarama, anapopanga mipango yake, na zimwi Ghatotkacha, binamu yake Abhimanyu, anambeba binti usingizini pamoja na kitanda chake, kisha anajigeuza yeye awe bibi harusi. Wageni wa bwana harusi wanajengewa mji mzima wa kiini macho wa kufikia.

Sasa tuingie kwenye lugha, maana ndiko moyo wangu uliko. Aliyeandika mazungumzo na nyimbo za Kitelugu ni Pingali Nagendra Rao, na mtu huyu alikuwa akiunda maneno. Katika mji ule wa mazingaombwe kuna zulia linalomfuta mtu miguu lenyewe, na kitanda kisichokuwa na utulivu. Kitelugu kina neno kambali, blanketi, na talpam, kitanda. Pingali akageuza sauti ya mwanzo tu: gimbali, gilpam. Hayakuwamo katika kamusi yoyote, lakini mtazamaji aliyaelewa papo hapo na akacheka. Kisha mwandishi anamtia Ghatotkacha mdomoni swali ambalo Watelugu wanalirudia mpaka leo: kama hakuna wa kuyaumba maneno, yatazaliwa wapi?

Mimi swali hilo linanigusa. Tumewacheka sana waliotuletea maneno kama tarakilishi na kishikwambi. Nawaheshimu watu hao. Lakini tazameni alivyofanya Pingali: hakuliacha neno jipya likae peke yake kwenye orodha. Alilipa kitu cha kushika, mtu wa kulitamka, na kicheko.

Sasa kichekesho cha namna hiyo utakitafsirije? Hakitafsiriki, kinaandikwa upya. Kwa hiyo nyimbo za Kitamil wakampa Thanjai Ramaiah Dass. Hata jina la binti likabadilika, maana Watamil walimjua kama Vatsala. Na angalieni waigizaji. N. T. Rama Rao ni Krishna katika filamu zote mbili. S. V. Ranga Rao ni Ghatotkacha katika zote mbili, na Savitri ndiye binti katika zote mbili. Lakini mpenzi, Abhimanyu, kwa Kitelugu ni Akkineni Nageswara Rao na kwa Kitamil ni Gemini Ganesan. Yule bwana harusi wa kuchekesha ni Relangi kwa Kitelugu, Thangavelu kwa Kitamil. Hata Shakuni, mjomba mjanja wa Duryodhana, kabadilishwa. Mungu na zimwi wanaweza kuwa wa watu wote. Lakini anayekuchekesha sharti awe wa kwenu.

Huyo Rama Rao, kwa taji lile la unyoya wa tausi, aliwaingia watu hadi picha zake za Krishna zikatundikwa majumbani. Mwaka 1982 alianzisha chama kwa hoja ya heshima ya Watelugu, na mwaka uliofuata akawa waziri kiongozi wa Andhra Pradesh.

Sitaki kuondoka bila kumtaja mpiga picha, Marcus Bartley. Kuna wimbo wa mashua, usiku wa mbalamwezi, maji yanametameta, wapenzi wawili na nyuma yao wazee wao. Mbalamwezi ile ni taa za Bartley, na sehemu kubwa ilipigwa ndani ya studio. Mwaka 2010 filamu ya Kitelugu ilitiwa rangi ikarudishwa kumbini. Rangi ni nzuri, sikatai, lakini wimbo ule utazameni kwa nyeusi na nyeupe.

Na Savitri! Tukio ninalolipenda kuliko yote ni pale zimwi linapokuwa ndani ya sura ya bibi harusi, likiimba kwa furaha ya kuolewa. Sauti ya kike ni ya P. Susheela, mwimbaji asiyeonekana, nyororo, na Savitri anainamisha shingo kwa haya. Ghafla inaingia sauti nene ya mwimbaji mwingine, Ghantasala, na binti huyohuyo, na vito vyake vyote, anapanua mabega, anatembea kwa mshindo kama mwanamume mwenye rungu. Kisha haya inarudi usoni. Hakuna kompyuta pale. Ni shingo, mabega na macho ya mwanamke mmoja, na kazi hiyo aliifanya mara mbili, kwa lugha mbili.

Nina vipande viwili vya kuwaonyesha. Ni pale Ghatotkacha anapoingia kwenye vyakula vya harusi kabla ya wageni, na laddu, vile vitamu vya mviringo, zinanyanyuka zenyewe kwenye sinia, zinapanga foleni kuelekea kinywani mwake. Kwanza tutatazama kwa Kitelugu, sauti ya Madhavapeddi Satyam, halafu kwa Kitamil, sauti ya Tiruchi Loganathan. Msihangaike na maana. Tazameni mdomo wa Ranga Rao anapobadili lugha, jinsi anavyocheka huku na jinsi anavyocheka kule. Kijana wa pale nyuma, tafadhali, tuzimie taa.